Miguu Imekufa, Picha ya Kiuno ni Safi: Uchambuzi wa Kisa cha Mama wa Maji ya Chai

Mwanamke wa miaka 46, mkulima wa mahindi na maharage anayefuga mbuzi wachache Maji ya Chai, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, alifikishwa hospitalini Arusha amebebwa na wanawe wawili. Siku tano kabla alikuwa bado anajikongoja kwa fimbo, sasa hata kusimama hawezi. Alikuja na bahasha ya eksirei ya kiuno iliyopigwa wiki mbili nyuma katika kituo kimoja cha afya. Majibu yake: pingili zimeanza kuchakaa kwa umri, hakuna tatizo kubwa. Alikuwa amepewa dawa za maumivu na sindano za vitamini B.

Mgonjwa huyu tumemuunda kwa ajili ya kufundishia, si mtu mmoja anayejulikana. Lakini hakuna dalili hata moja hapa iliyo ngeni kwa anayefanya kazi wodini Arusha au Moshi, na picha ile ya kiuno ndiyo sababu ya kumwandika. Anatomia ya mishipa ya fahamu ingetumika mapema, picha hiyo isingeombwa kabisa, au ingeombwa ya mahali pengine.

Historia

Maumivu ya mgongo yalianza miezi mitano nyuma, katikati ya mgongo chini ya mabega, yakizidi usiku na kila akigeuka kitandani. Alikonda mpaka nguo zikampwaya, na usiku aliamka shuka limelowa jasho. Mwezi wa tatu yakaongezeka maumivu ya tumbo. Kwa maelezo yake yanaanzia mgongoni, yanazunguka mbavu pande zote mbili kama mkanda unaokazwa, yanakutana mbele juu kidogo ya kitovu, na akikohoa au kupiga chafya yanamkata. Alitibiwa vidonda vya tumbo mara mbili kwa omeprazo, bila nafuu.

Hapo palikuwa pa kusimama na kufikiri. Vidonda vya tumbo havimkati mtu anapokohoa, wala maumivu yake hayazunguki kiwiliwili kwa usawa kutoka nyuma kuja mbele. Maumivu ya namna hiyo ni ya mzizi wa neva. Kila neva ya kifua hutoka kati ya pingili mbili, ikapita chini ya ubavu wake na kuishia mbele katika ngozi ya kifua au tumbo. Pingili na neva zake huitwa kwa herufi na namba: C ni za shingo, T za kifua, L za kiuno. Mzizi wa T10 ukibanwa mgongoni, mgonjwa anashika kitovu. Mwanafunzi anayesikia "tumbo" na kuagiza vipimo vya tumbo pekee amekwisha kupoteza miezi miwili ya mgonjwa, na katika ugonjwa huu miezi miwili ndiyo tofauti ya kutembea na kutotembea.

Wiki tatu kabla ya kuletwa miguu ilianza kuwa mizito. Kandambili zilivuka mguuni akiwa njiani na hakujua mpaka alipokanyaga mawe. Ganzi ilianzia kwenye nyayo, ikafika magotini, kisha mapajani, na siku alipoletwa ilikuwa imefika tumboni. Mpangilio huo wa ganzi kupanda tutaurudia, kwa sababu ndio unaowapoteza wengi.

Kuhusu mkojo hakusema lolote mpaka alipoulizwa.

"Mama, haja ndogo unaenda vizuri?"

"Nakaa muda mrefu mwanangu, unatoka kidogo kidogo. Nikiinuka nahisi bado."

Swali hilo liulizwe kwa kila mgonjwa wa miguu, tena liulizwe waziwazi. Watu wazima wengi hawatalisema wenyewe mbele ya watoto wao, kwa hiyo waombeni ndugu watoke nje kwanza.

Uchunguzi

Uzito kilo 47, joto 37.8. Meno ya mbele yana madoa ya kahawia. Fahamu kamili. Neva za kichwa ziko sawa, mikono ina nguvu 5/5, yaani kamili, na rifleksi zake, ule mruko wa misuli kano ikigongwa, ni za kawaida.

Miguu inasimulia mengine. Alipolazwa chali na goti kunyanyuliwa ghafla kutoka chini, kisigino kiliruka juu ya godoro badala ya kuburuta juu yake: misuli imekakamaa. Rifleksi za goti na kifundo zimechangamka kupita kiasi. Unyayo uliposukumwa juu kwa nguvu na kushikiliwa, mguu ulidunda mara saba mfululizo kabla ya kutulia. Ukingo wa nje wa unyayo ulipokwaruzwa kutoka kisigino kwenda mbele, kidole gumba kilinyanyuka juu, kulia na kushoto. Hii ni ishara aliyoieleza Joseph Babinski mwaka 1896, na kwa mtu mzima haina maana nyingine ila kwamba njia ya kotikospinali, yaani nyuzi zinazoshusha amri za mwendo kutoka ubongoni, imeguswa mahali fulani kati ya ubongo na kiuno.

Nguvu ya kukunja nyonga ni 2/5 kulia na 3/5 kushoto, kukunja goti 2/5, kunyanyua unyayo 2/5. Kunyoosha goti ni 3/5. Misuli inayokunja mguu imeathirika zaidi ya ile inayounyoosha, na ndivyo njia hiyo inavyoumia.

Hisia ya kuchomwa imepotea kutoka vidoleni hadi usawa wa kitovu. Mtetemo wa uma wa chuma wa kupimia, wa Hz 128, hausikiki kwenye kidole gumba, ila unasikika kwenye goti. Akifumba macho bado anajua kidole kimesogezwa juu au chini. Karibu na njia ya haja kubwa hisia imefifia na nguvu ya kubana kwa hiari imepungua.

Kisha tumbo. Mikwaruzo myepesi juu ya kitovu iliamsha misuli, chini ya kitovu haikuamsha kitu. Alipoombwa anyanyue kichwa kutoka kwenye mto huku mikono imekunjwa kifuani, kitovu kilivutwa kwenda juu kiasi cha sentimita mbili. Hiyo ni ishara ya Beevor. Misuli mirefu ya tumbo iliyo juu ya kitovu hupokea neva za T7 hadi T9, iliyo chini yake hupokea T10 hadi T12. Ya chini ikidhoofu, ya juu inavuta peke yake na kitovu kinaifuata. Haihitaji kifaa chochote, inachukua sekunde kumi, na mgonjwa anayejifanya hawezi kuiigiza. Inasikitisha kwamba huonekana kwa nadra katika faili za wagonjwa wa kupooza.

Mgongo ulikaguliwa akiwa amelala ubavu. Vidole vikateremka juu ya miiba ya pingili kuanzia C7, ule mwiba unaojitokeza chini ya shingo. Mbili chini ya usawa wa ncha ya mfupa bapa wa bega, ambao kwa kawaida ni usawa wa mwiba wa T7, palikuwa na kinundu kidogo ambacho jicho lingekipita. Kilipogongwa taratibu kwa ngumi alishtuka.

Mwisho, tumbo la chini liligongwa kwa kidole: sauti nzito kutoka kinenani hadi vidole vitatu chini ya kitovu. Mpira wa mkojo ulipowekwa ulitoa mililita 650, wakati alikuwa ametoka kukojoa nusu saa kabla.

Tatizo liko wapi

Anza na swali la kwanza: ubongo, ugwe wa mgongo, mizizi, neva za miguuni, au misuli? Rifleksi zilizochangamka pamoja na Babinski zinaondoa neva, mizizi na misuli, kwa sababu huko rifleksi hupungua au hupotea. Miguu yote miwili na kibofu kwa pamoja, mikono na uso vikiwa salama, vinaelekeza kwenye ugwe, yaani ile kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo, chini ya sehemu za mikono. Sehemu ya mwisho ya mikono ni T1. Kwa hiyo tuko chini ya T1.

Na chini kabisa ni wapi? Hapa ndipo picha ya kiuno inapoanguka. Kwa mtu mzima ugwe unaishia kwenye pingili ya L1 au kati ya L1 na L2. Kutoka hapo kwenda chini mfereji una mizizi ya neva tu inayoning'inia. Kitu kikibana pale L4, miguu inalegea, rifleksi za kifundo zinapotea, na unyayo haunyanyui kidole gumba. Mgonjwa mwenye miguu iliyokakamaa na Babinski hawezi kuwa na chanzo kinachoelezeka kwenye picha ya kiuno, hata picha hiyo ingekuwa na uchakavu wa kutisha. Uchakavu wa pingili za kiuno kwa mkulima wa miaka 46 aliyebeba kuni na maji tangu utotoni ni jambo la kutarajiwa, nao ndio uliompa mtu jibu la haraka.

Hatari nyingine iko upande wa pili. Ugwe ukiumia ghafla, kwa ajali au damu kukosekana, kuna kipindi cha siku hadi wiki ambapo miguu inalegea kabisa na rifleksi hazipo, halafu ndipo ukakamavu unakuja. Mwanafunzi asiyelijua hili atasema tatizo ni la neva. Kinachomwokoa ni kupima mpaka wa hisia kwenye kiwiliwili, kwa sababu ugonjwa wa neva za miguuni hauwezi kukata hisia kwa mstari tumboni.

Mpaka huo unapimwa hivi. Tumia kijiti cha mbao kilichovunjwa kikawa na ncha, kipya kwa kila mgonjwa, si sindano ya dawa, maana sindano hutoboa na mgonjwa asiyehisi hatakuambia. Mchome kwanza usoni au begani ajue ukali halisi ukoje. Kisha anza paja, panda juu hatua ya sentimita mbili hadi tatu, umwombe aseme pale tu panapobadilika kuwa kali. Kutoka pasipo hisia kwenda penye hisia mpaka hujitokeza wazi zaidi kuliko kwenda kinyume chake. Weka alama ya kalamu. Rudia upande wa pili, kisha rudia mgongoni, kwa kuwa mstari wa mgongoni huwa juu kidogo ya ule wa mbele. Vituo vya kukumbuka: chuchu ni T4, chembe cha moyo ni T6 hadi T7, kitovu ni T10, kinena ni L1. Na jihadharini na kifua cha juu: chini ya mtulinga ngozi ya C4 inapakana na ya T2, kwa sababu C5 hadi T1 zimekwenda mkononi. Kwa hiyo mpaka unaouona chini kidogo ya mtulinga unaweza kutokana na tatizo la shingoni, na mikono ndiyo itakayoamua.

Mpaka wa mama huyu ulikuwa kitovuni, T10. Kuna mambo mawili ya kurekebisha kabla ya kuandika fomu ya picha.

La kwanza, ugwe ni mfupi kuliko mfereji wake, hivyo sehemu ya ugwe na pingili yenye namba hiyo haviko mahali pamoja. Shingoni tofauti ni kama moja, kifua cha juu kama mbili, kifua cha chini hata tatu. Sehemu ya T10 ya ugwe inakaa karibu na pingili ya T8. Sehemu zote za sakrumu (mfupa ulio chini ya kiuno), ambazo ndizo zinazoongoza kibofu, ziko nyuma ya pingili ya L1.

La pili ni zito zaidi. Nyuzi za maumivu na joto huingia kwenye ugwe, hupanda sehemu moja au mbili, huvuka upande wa pili mbele ya mfereji wa kati, kisha hupanda katika njia ya spinothalamiki. Zile zilizotoka chini zaidi hukaa nje, na kila sehemu mpya inayojiunga huingia kwa ndani. Kitu kinachobana kutoka nje kinaanza na nyuzi za nje, za miguu. Ndiyo maana ganzi ya mama huyu ilianza nyayoni ikapanda wiki hadi wiki, ingawa kilichokuwa kinabana hakikusogea hata milimita moja. Angepimwa ganzi ikiwa mapajani, mpaka wake ungeonyesha L1 au L2, na mtu angeapa kwamba tatizo liko kiunoni.

Kanuni inayotokana na hayo ni hii: mpaka wa hisia unakuambia pa chini kabisa pa kuanzia kutafuta. Chanzo kiko hapo au juu yake, na kinaweza kuwa juu yake sana. Dalili za mzizi, yaani maumivu yanayozunguka, pamoja na mahali panapouma mgongo ukigongwa, huonyesha chanzo kwa usahihi kuliko ganzi. Kwa mama huyu vyote vitatu vilikutana: maumivu ya T9 na T10, kitovu kupanda, kinundu cha T9. Picha ya kuomba ni ya uti wa mgongo wa kifua, mbele na ubavu. Kama kuna MRI, picha ya sumaku inayoonyesha ugwe wenyewe, ipigwe ya uti wote, kwa sababu ugonjwa wenyewe huweza kuwa na makao mawili.

Kwa nini nguvu ziliondoka kabla ya hisia ya mkao wa vidole? Kinachobana kinatoka mbele, kwenye mwili wa pingili. Theluthi mbili za mbele za ugwe hulishwa na ateri moja ya mbele, pamoja na njia za kotikospinali zilizo ubavuni. Nguzo za nyuma, zinazobeba mkao na mtetemo, zina ateri zao mbili za nyuma na ziko mbali na shinikizo, kwa hiyo huumia mwisho. Mgonjwa anayepoteza mkao wa vidole kwanza huku nguvu zipo anakuelekeza kwingine kabisa, mfano upungufu wa vitamini B12.

Ni ugonjwa gani

Eksirei ya kifua ya ubavu ilionyesha pingili za T8 na T9 zimeliwa kwa mbele, diski kati yake imepungua, na mgongo umepinda pale kwa nyuzi 25. Picha ya mbele ilionyesha kivuli kilichovimba pande zote mbili za uti: usaha uliojikusanya bila joto wala wekundu, jipu baridi. Jueni kwamba eksirei haionyeshi kuliwa kwa mfupa mpaka sehemu kubwa ya madini yake, theluthi hadi nusu, iwe imetoka. Picha safi katika mwezi wa kwanza haimtoi mgonjwa kwenye orodha.

Hii ni sura ya kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho Percivall Pott alikieleza mwaka 1779, miaka zaidi ya mia moja kabla bakteria wake hajajulikana. Bakteria hufika kwa damu, hukaa kwenye pembe ya mbele ya mwili wa pingili karibu na diski, kisha hutambaa kwenda pingili ya jirani. Diski huchelewa kuharibika. Katika maambukizi ya bakteria wa usaha wa kawaida diski huliwa mapema, ndani ya wiki chache, na mgonjwa ana homa kali. Katika saratani iliyosambaa diski hubaki nzima kabisa na mara nyingi kinachopotea kwanza ni kikonyo cha pingili. Vikonyo viwili vya pingili huonekana kwenye picha ya mbele kama macho mawili, na kimoja kikipotea ni kama jicho moja limefumba.

Brusela, maambukizi ya bakteria yanayotoka kwa mifugo, lazima ifikiriwe kwa mfugaji wa mbuzi ukanda huu, hasa anayekunywa maziwa mabichi au kuzalisha mifugo kwa mikono mitupu. Hupenda zaidi kiuno na kwa kawaida haiangushi pingili hivi, lakini kipimo cha damu kiende. Kichocho cha ugwe humpata anayeingia kwenye mifereji na madimbwi, hushika ncha ya chini ya ugwe, na hubadilika kwa siku na wiki, si miezi mitano. VVU huweza kuharibu ugwe wenyewe, ila mara nyingi havitoi mpaka wa wazi. Kipimo cha VVU ni cha lazima hata hivyo, kwa sababu kifua kikuu na VVU hutembea pamoja.

Yale meno ya kahawia yanahitaji maneno yake. Maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru, Maji ya Chai yakiwemo, yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano, na kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Anayekunywa maji hayo miaka mingi huweza kupata zaidi ya madoa: mifupa inakuwa mizito, kano za uti zinageuka mfupa, mfereji unazibwa na ugwe unabanwa. Kwa hiyo floridi ni sababu halisi ya kupooza Arusha, wala si ya kukariri tu kwa mtihani. Ila hiyo huja kwa miaka, mgongo na shingo vinakuwa vigumu kugeuka, na eksirei inaonyesha mifupa myeupe kupita kawaida kila mahali. Picha ya mkono wa mbele ni kipimo rahisi: utando kati ya mifupa miwili huwa umeota mfupa. Wa mama huyu ulikuwa safi. Meno ya kahawia yanathibitisha alikokulia, hayathibitishi kinachombana ugwe.

Vipimo na rufaa

ESR (kipimo cha damu kinachopanda kukiwa na uvimbe au maambukizi mwilini) 88, hemoglobini 10.4, VVU hana, brusela hana, creatinini (kipimo cha figo) na vimeng'enya vya ini vya kawaida. Eksirei ya mapafu safi, na hilo lisimrudishe mtu nyuma: wagonjwa wengi wa kifua kikuu cha mifupa hawana dalili yoyote mapafuni, na makohozi yao hayaonyeshi kitu.

Kuna kipimo ambacho hakikufanywa na hakikupaswa kufanywa, nacho ni kuchukua maji ya uti wa mgongo. Mfereji ukiwa umezibwa T8, ukitoa maji chini yake unapunguza shinikizo upande mmoja tu, na ugwe unaweza kusukumwa kuelekea chini na kupooza kabisa usiku huohuo. Mgonjwa mwenye mpaka wa hisia apigwe picha kwanza.

Rufaa ya Moshi, kilomita 80 hivi, ilifanywa siku hiyohiyo. Alilazwa chali kwenye gari la wagonjwa, mpira wa mkojo ukiwa ndani, na kila alipohamishwa aligeuzwa na watu wanne kwa pamoja, kichwa, mabega, nyonga na miguu kwa mstari mmoja. Kumkalisha mgonjwa wa namna hii kwenye kiti cha basi ni kuikandamiza pingili iliyooza juu ya ugwe. Barua iliandika nguvu ya kila kundi la misuli kwa namba, mpaka wa hisia, kiasi cha mkojo, na saa ya kupima. Maneno kama "amepooza miguu" hayamsaidii daktari wa upasuaji kujua kesho kama mgonjwa anazidi au anapata nafuu.

CT, eksirei ya tabaka kwa tabaka, ilionyesha usaha na vipande vya mfupa ndani ya mfereji, na sindano ikiongozwa na picha ilitoa mililita 40 za usaha. GeneXpert, kipimo cha vinasaba vya bakteria, ilikuta bakteria wa kifua kikuu, bila usugu kwa rifampisini.

Matibabu

Dawa nne, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kwa uzito wake, miezi miwili. Kisha rifampisini na isoniazidi hadi itimie miezi 12. Piridoksini (vitamini B6) miligramu 25 kila siku, kwa sababu isoniazidi huharibu neva za miguuni, na ganzi mpya ya nyayo mwezi wa tatu itamchanganya kila mtu. Ethambutoli hugusa neva ya jicho: uwezo wa kutofautisha rangi nyekundu na kijani upimwe kabla ya kuanza.

Wengi wenye udhaifu kidogo hupona kwa dawa na kitanda peke yake. Upasuaji huja pale udhaifu unapoongezeka licha ya dawa, unapokuwa mkubwa tangu mwanzo au umekwisha kugusa kibofu, mgongo unapokuwa hautulii, au utambuzi unapokuwa na shaka. Mama huyu alikuwa ameanguka kutoka fimbo hadi kitanda ndani ya siku tano na kibofu kimeshaguswa, hivyo alipasuliwa. Njia iliyotumika ilipita nyuma kwa ubavu, kichwa cha ubavu na mwiba wa pembeni wa pingili vikaondolewa ili kuufikia usaha ulio mbele bila kuugusa ugwe, kisha pingili zikafungwa kwa skrubu.

Kosa la kihistoria hapa ni kufungua upinde wa nyuma wa pingili na kuishia hapo. Ugonjwa uko mbele. Upinde wa nyuma ndio pekee uliobaki imara, na ukiuondoa mgongo unapinda zaidi, na ugwe unavutwa juu ya kinundu.

Wodini kazi kubwa ilikuwa ya wauguzi na ndugu. Ageuzwe kila saa mbili, usiku pia. Visigino visiguse godoro. Ngozi ya makalio, nyonga na visigino ikaguliwe kila asubuhi kwa macho, kwani yeye hataumia na hatasema. Shuka likunjuliwe, makombo yaondolewe. Kidonda cha kulalia kwa mtu asiyehisi huanza kwa saa chache na kupona kwa miezi. Choo kipangiwe saa moja ya siku baada ya chai, pamoja na dawa ya kulainisha. Vifundo vinyooshwe mara kadhaa kwa siku visije kukakamaa vikiwa vimeinama, maana hapo hata nguvu zikirudi unyayo hautakanyaga. Shinikizo la damu la ghafla linalowapata wenye ugwe uliokatika kwa kawaida huhusu majeraha ya T6 na juu yake, hivyo kwake hofu hiyo ilikuwa ndogo.

Vidole vilianza kusogea wiki ya pili baada ya upasuaji. Hisia ya kuchomwa ilirudi ikishuka kutoka kitovuni kwenda chini, na nyayo zikawa za mwisho. Mpira wa mkojo uliondolewa wiki ya tano, mkojo uliobaki baada ya kukojoa ukiwa chini ya mililita 100 mara tatu mfululizo. Mwezi wa nne alitembea kwa magongo mawili, nyonga 4/5. Babinski bado ilikuwepo, na itaweza kubaki hata akipona kutembea, hivyo isitumike peke yake kuamua kwamba dawa zimeshindwa.

Kliniki ya kila mwezi inapima namba zilezile za barua ya rufaa, uzito, uwezo wa kuona rangi kwa miezi ya ethambutoli, na ESR. Eksirei ya ubavu hupigwa mwezi wa 3, 6 na 12 kupima nyuzi za mkunjo. Baada ya kumaliza dawa bado anaonywa arudi siku hiyohiyo miguu ikianza tena kuwa mizito au mkojo kusita, kwa sababu kinundu kikiongezeka miaka ijayo ugwe unaweza kuvutwa na mfupa mtupu, bila bakteria hata mmoja, na wakati huo vidonge havitafua dafu.